Namna ya Kununua Mfarishi wa Mkono Lancaster Bila Kuchoma Pesa

Baridi ikianza tu, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Dada, ile mifarishi ya Waamish ni shilingi ngapi?" "Shangazi, nimeona mmoja mtandaoni dola 89, ni wa mkono kweli?" "Nataka wa kumpelekea mama mkwe, usizidi dola 300." Nimejibu mpaka nimechoka. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia huu.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Mfarishi ninaousema ni wa tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa kwa mpangilio, katikati pamba, chini bitana, kisha mshono mdogomdogo unaopita tabaka zote tatu ili zisiachane. Kuna wanaouita blanketi la viraka. Nitazungumzia Kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko Waamish na Wamennonite, makundi mawili ya Kikristo yenye asili moja, wanakoishona. Kwa wenzangu wa mkoa wa Mara, Tanzania, watu hawa si wageni kabisa: wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa na kanisa la huku huku.

Na bei? Nitakuonyesha hesabu, maana ndiyo itakayokulinda kuliko ushauri wowote. Mfarishi wa kitanda cha Queen unakula takriban yadi 15 hadi 18 za kitambaa cha pamba, ukijumlisha juu, chini na upapi wa pembeni, yaani utepe wa kitambaa unaofunika ukingo. Kitambaa kizuri dola 12 kwa yadi. Hapo tayari ni dola 180 hadi 216, bado pamba ya kati, bado uzi, na bado mwanamke aliyeinama juu ya fremu saa mia kadhaa. Ndiyo maana madukani huku mfarishi mpya wa Queen ulioshonwa kwa mkono mara nyingi hukaribia au hupita dola 1,000. Ukiuziwa mpya kwa dola 89 ukaambiwa ni wa mkono, ama si wa mkono, ama kuna mtu mahali fulani aliyeshona karibu bure.

Lakini wa bei nafuu upo. Haupatikani kwa kuomba punguzo, unapatikana kwa kujua ukose nini.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Pima kitanda, usitaje jina lake tu. Vitanda vya Marekani vina vipimo vyake: Twin ni inchi 38 kwa 75, Full 54 kwa 75, Queen 60 kwa 80, King 76 kwa 80. Kama mfarishi unakwenda nyumbani, kumbuka kitanda cha futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72, hivyo mfarishi wa Queen utakitosha na kubaki. Wa futi 6 kwa 6 anunue King. Chukua upana wa godoro, ongeza mara mbili urefu unaotaka uning'inie kila upande. Kwenye urefu ongeza mara moja tu, upande wa miguuni. Godoro la Queen lenye unene wa inchi 12, ukitaka mfarishi ushuke inchi 14, linahitaji inchi 88 kwa 94. Ukitaka ufunike na mito, ongeza kama inchi 10 kwenye urefu.

Beba tepu ya kupimia, kitambaa cheupe cha pamba, kichupa kidogo cha maji, kitambulisho na fedha taslimu. Waamish wengi wanaouzia nyumbani hupokea fedha au hundi, kadi usiitegemee. Kwenye bajeti weka kodi ya mauzo ya Pennsylvania, asilimia 6. Nguo za kuvaa hapa hazitozwi kodi, matandiko yanatozwa. Watu husahau.

HATUA KWA HATUA

1. Amua ukose nini.

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, halafu wanarudi na kitu kibovu. Bei ya mfarishi inashushwa na vitu vichache ambavyo haviugusi uimara wake.

Unaweza kukosa mshono wa mkono. Viraka vikaungwa vizuri, kisha tabaka tatu zikashikizwa kwa cherehani kubwa. Utadumu, pengine kuliko wa mkono ukiufua kila wiki. Kwenye kibandiko utaona maneno "machine quilted", na bei huwa chini sana.

Unaweza kukosa mshono wenyewe ukachukua wa mafundo. Badala ya mistari ya sindano, tabaka hushikizwa kwa uzi mnene unaofungwa fundo kila baada ya inchi 4 au 5. Ndiyo yale mablanketi ya viraka ambayo kina mama wa makanisa hushona na shirika la Mennonite Central Committee huwapelekea wakimbizi. Si ya kutundika ukutani, lakini usiku wa Januari utanishukuru.

Unaweza kukosa upya. Uliotumika vizuri ni nafuu kuliko mpya, na mara nyingi umeshafuliwa, kwa hiyo kama rangi yake ilikuwa ya kuchuja, huenda ilishachuja.

Unaweza kukosa ukubwa. Wa mtoto au wa kutupia miguuni hushonwa na mikono ileile, kwa sehemu ndogo ya bei. Yule mwenye mama mkwe na dola 300, jibu lako ni hili.

Au unaweza kukosa umaliziaji: nunua upande wa juu tu, viraka vilivyoungwa ambavyo havijapata pamba wala bitana. Kwenye minada hupita kwa bei ya kushangaza kwa sababu wengi hawajui wafanye nini navyo. Kisha unampelekea mwenye cherehani kubwa, anayetoza kwa inchi ya mraba, au mshonaji wa mkono, ambaye kwa desturi ya huku hutoza kwa yadi za uzi alizotumia. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilimpigia mama, fundi cherehani wa Musoma wa miaka mingi. Alicheka, akasema laiti naye angewatoza wateja wake kwa uzi.

Usikubali kukosa hivi: kitambaa kizuri, mishono midogo na upapi uliokaza. Hapo ndipo uhai wa mfarishi ulipo.

2. Chagua mahali.

Maduka ya barabara kuu, kwenye vijiji kama Intercourse na Bird-in-Hand, yanafaa kwa kusoma. Nenda ukaguse, ugeuze, uone wa dola 1,200 una sura gani. Usinunue siku hiyo.

Nyumba za mashambani, zenye kibao kidogo cha "Quilts" na chini yake "No Sunday Sales", kwa kawaida ni nafuu zaidi, na unazungumza na anayeshona au anayemfahamu anayeshona. Jumapili usiende. Usiwapige picha Waamish usoni. Bei iliyoandikwa ndiyo bei. Mambo ya Kariakoo yaache Kariakoo.

Minada ya matope. Hapa ndipo ninapowapeleka watu wangu. Kuanzia mwisho wa Februari, vikosi vya zimamoto vya kujitolea huendesha mnada mmoja baada ya mwingine ili kuchangisha fedha: Strasburg, Bart, Gordonville na vingine. Jina linatokana na ardhi, barafu inayeyuka na uwanja unakuwa tope tupu. Vaa buti. Utakuta farasi, majembe, samani, na hema zima la mifarishi. Wauzaji ni wengi, wanunuzi wamegawanyika huku na huko, na mvua ikinyesha bei hushuka.

Mnada wa misaada wa Wamennonite ni kitu kingine, usiuchanganye na huo. Upo hapa Pennsylvania, upo Goshen kule Indiana, upo Hutchinson kule Kansas. Mifarishi yake ni mizuri ajabu, ila watu hulipa zaidi kwa makusudi, maana fedha zinakwenda kwenye msaada. Nenda kwa ibada ya macho. Ukitaka nafuu pale, subiri midogo na ya mafundo.

Maduka ya mitumba, hasa yale ya Mennonite Central Committee, yanahitaji subira na kupita mara kwa mara. Hakuna siri nyingine.

Mtandaoni, eBay, Etsy au Facebook Marketplace: omba picha ya mgongo, picha ya kona, na picha ya mshono wa karibu ukiwa umewekewa rula. Asiyetaka kupiga picha tatu ana sababu.

3. Ugeuze.

Kila mtu huangalia uso. Wewe anza na mgongo.

Mshono wa cherehani ni mstari usiokatika, nyuzi zimefuatana bila nafasi, juu na chini sawa. Wa mkono ni kama bandi ya fundi: kijistari, nafasi, kijistari, nafasi. Kwa nyuma vijistari havitalingana sawasawa, na hilo si kosa.

Rudi upande wa juu. Laza tepu kwenye mstari ulionyooka, uhesabu vijistari vya uzi ndani ya inchi moja, vya juu tu. Nane hadi kumi ni kazi ya mtu anayejua. Sita au saba ni sawa kwa mfarishi wa kulalia. Vitatu au vinne, acha. Kidole cha mguu kitaingia humo usiku wa kwanza na uzi utakatika. Hesabu sehemu tatu tofauti, maana pembeni kwa kawaida hushonwa vizuri zaidi kuliko katikati ambako mkono haufiki kirahisi.

Ukiona mabaki ya mistari hafifu ya penseli kando ya mshono, usikasirike. Mshonaji huchora kwanza ndipo ashone. Yatatoka ukifua.

Jambo moja linalowachanganya wengi: viraka vyenyewe mara nyingi huungwa kwa cherehani, hata na Waamish, ambao hutumia ya kukanyaga au inayoendeshwa bila umeme wa gridi. Mfarishi huo bado huitwa wa mkono kwa sababu mshono wa kushikiza ndio wa mkono. Ukitaka kila kitu kwa mkono, uliza wazi, na uwe na fedha.

4. Kagua viraka, kona na upapi.

Ncha za pembetatu zifike kwenye mshono bila kukatwa. Kwenye mtindo wa Lone Star, ambao ni nyota moja kubwa, angalia katikati kabisa: kama pamefanya kilima, hesabu haikukaa na hapatalala milele. Kunja mfarishi katikati, kingo zikutane. Zikipishana zaidi ya inchi moja, umeshonwa umepinda.

Upapi ndio hufa kwanza. Uwe wa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, umejaa pamba hadi ukingoni, na pembe zake zimekunjwa vizuri na kushonwa. Bonyeza kwa kidole. Ukihisi utupu, pamba haikufika, na ukingo utakatika ndani ya miaka michache.

Inua kipande kuelekea dirishani. Ukiona pamba ina uvimbe hapa na uwazi pale, imeshahama. Kisha nusa. Usione aibu, wazee wa mnadani wote wananusa.

5. Jaribu rangi.

Omba ruhusa. Lowesha kitambaa cheupe kidogo, ukisugue taratibu kwenye nyekundu, buluu nzito na nyeusi, kwa nyuma ya pembe kama inawezekana. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia kwenye viraka vyeupe pia. Kwenye ya zamani sana angalia hudhurungi: baadhi ya rangi hizo karne ya 19 zilitengenezwa kwa chuma, na chuma hicho hula uzi polepole mpaka kiraka kinamomonyoka huku majirani zake wakiwa wazima.

6. Uliza nani, wapi, lini.

"Wa Kiamish" ni neno la kuuzia. Mifarishi mingi iliyouzwa kwa jina hilo ilipitia mikononi mwa wanawake wa Kihmong, wakimbizi kutoka Laos waliohamia Lancaster baada ya vita vya Vietnam, mafundi hodari wa kubandika maua ya vitambaa. Si udanganyifu wa ubora. Mshono wao ni wa hali ya juu. Ninachosema ni kwamba usilipie neno, lipia mshono. Sisi Waswahili tuliohamia huku, na ndugu zetu Wakongo waliojaa mjini hapa, tunaelewa vizuri kazi ya mkimbizi kubeba jina la mwingine.

Iliyoagizwa nje ni habari tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa ya Marekani, iliruhusu nakala za mifarishi yake zishonwe China, washonaji wa Marekani wakapiga kelele kweli, kwa kuwa nakala hizo ziliuzwa bei ambayo wao hawangeweza kuifikia. Nyingi za aina hiyo zimeshonwa kwa mkono kweli, ila kwa mishono mipana na kitambaa chepesi. Sheria inataka matandiko mapya yawe na lebo ya nchi yalikotengenezwa. Tafuta kwenye mishono ya nyuma. Ukikuta kijialama cha lebo iliyokatwa, rudisha mahali pake.

7. Kwenye mnada, jiandikishe na ujizuie.

Onyesha kitambulisho, upewe namba. Wahi mapema ukague ikiwa imetundikwa; mnada ukianza hutaruhusiwa kugeuzageuza. Andika kwenye karatasi namba za mitatu unayoitaka, na mbele ya kila mmoja bei yako ya mwisho, kodi ikiwemo. Mnadishaji anakwenda kasi kama dalali wa samaki Feri, hutaelewa nusu. Sikiliza tarakimu tu. Simama pembeni kwanza, acha mitano au sita ipite ili upate mdundo. Bei yako ikipita, shusha mkono na uutie mfukoni.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MWAKA

Kununua picha ya viraka. Kuna kitambaa kilichochapwa kionekane kama viraka, kikashonwa juujuu. Pitisha ukucha kwenye mpaka wa viraka viwili. Kama hakuna mshono, hakuna viraka. Mimi mwenyewe, mtoto wa fundi, niliingizwa mjini mwaka wangu wa kwanza na duka moja la watalii, dola 149. Nilifika nyumbani ndipo ukucha ukanieleza.

Kuloweka kwenye chumvi au siki. Tumezoea kufanya hivyo kwa khanga mpya. Kwa rangi iliyokwishatiwa kiwandani, chumvi na siki havishikishi kitu. Fua kwa maji baridi, sabuni laini, na weka karatasi za kunasa rangi zinazouzwa dukani.

Kuanika juani kwenye kamba moja. Maji hufanya mfarishi kuwa mzito, mishono ikakatika kwa uzito wake. Utandaze kivulini juu ya shuka safi.

UKIPATA TATIZO

Harufu ya dawa ya nondo (wale wadudu wa kula nguo) au ya kabati: uanike kivulini penye upepo siku kadhaa, ukiugeuza. Usimwagie manukato, utapata harufu mbili.

Rangi imechuja baada ya kufua: usiukaushe. Urudishe majini mara moja, maji mengi, uuache uelee kwa saa nyingi ukibadilisha maji. Rangi ikikauka juu ya nyeupe, imehamia hapo.

Uzi umekatika: usivute. Chukua uzi wa pamba, fuata matundu yaleyale ya zamani, na ufiche fundo ndani ya pamba. Fundi yeyote wa nguo anaweza, ila mwambie asitumie cherehani.

Upapi umechakaa lakini mwili mzima: shonea upapi mpya juu ya ule wa zamani. Kazi ya jioni mbili, na ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe bei mtumbani.

Umekuwa mdogo kwa kitanda: usiukate wala kuuongezea. Tandika shuka ya rangi moja chini yake, mfarishi ulale katikati.

Unakwenda Tanga, Mombasa au Dar: usiufungie kwenye mfuko wa nailoni. Mfuko wa kunyonya hewa ni wa safari tu. Ukifika, uutoe, uufunge kwenye shuka ya pamba, uuweke kabatini, na kila baada ya miezi miwili au mitatu uukunje upya mahali tofauti ili mkunjo usikate kitambaa. Na mama mkwe wa Tanga, kusema kweli, mpe ule mwembamba wa mtoto autandike kwenye kochi. Mzito mpelekee shangazi wa Njombe.